Muulize Mwalimu: Kokoto za mto ambao haupo

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba sayari ya Mirihi iliwahi kuwa na mito na maziwa, kisha nikaendelea na ukurasa mzima wa habari za maji ya Usangu. Mistari miwili hiyo imeniletea barua kumi na moja. Ya Usangu haikuja hata moja. Basi, Usangu ingoje, mwezi huu tuko Mirihi. Wale ambao barua zao sikuzichapa wajue majibu yao yamo humu ndani, maana wengi mmeuliza jambo lilelile.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tukuyu. Umeandika kwamba Mirihi kulikuwa na mito. Lakini darasani tumefundishwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kufika kule, na kwamba kumekauka kabisa. Sasa huo mto aliuona nani?*

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyeuona. Kilichoonekana ni kokoto zake, na ili nikueleze kwa nini kokoto zinatosha, inabidi nianze na aibu yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwalimu kijana mwenye tai na chaki mfukoni, nililipeleka darasa langu kwenye kilima kilichokatwa na katapila kupisha barabara, upande wa Uyole. Katikati ya udongo kulikuwa na mkanda wa mawe ya duara, unene wake kama kufika gotini. Nikawaambia watoto, kwa kujiamini kote, kwamba mawe yale yalirushwa na volkeno. Huku kwetu kila kitu tunakisingizia Ngozi na Rungwe. Pembeni alikuwepo fundi mwashi, mzee mmoja, anasubiri lori la mawe ya msingi. Hakutaka kuniumbua mbele ya wanafunzi. Aliniita kando, akachomoa mawe matatu kwenye ule mkanda, akaniwekea kiganjani. “Mwalimu, hili jeusi. Hili la kijivu lina chembe zinazong’aa. Hili jekundu. Haya hayakuzaliwa mlima mmoja. Na angalia, yote hayana kona. Nani aliyakusanya, na nani aliyasugua?”

Ulikuwa mto. Ulishahama zamani, ukaacha mzigo wake.

Sasa twende Mirihi. Mwezi Agosti 2012 Wamarekani walitua gari-roboti linaloitwa Curiosity ndani ya shimo kubwa la Gale, lenye upana wa kilomita 154, lililochimbwa na kimondo enzi na enzi. Lilikuwa bado halijaenda mbali lilipopiga picha ya mwamba uliobenuka kutoka ardhini. Ukiitazama picha ile utadhani mtu amevunja zege la barabara kwa nyundo: bamba limeinuka upande mmoja, na kwenye ukingo wake kokoto zimeshikamana na mchanga kama karanga kwenye kashata. Nyingine ndogo kama punje ya mchanga, nyingine zinafika sentimita nne. Rangi tofauti. Nyingi hazina kona. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka yule fundi, nikacheka peke yangu ofisini.

Usiseme ni upepo. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia moja ya huu wetu. Upepo wa kule unapeperusha vumbi na kusogeza mchanga, lakini hauwezi kulibingirisha jiwe la sentimita nne kutoka mlimani hadi bondeni huku ukilisugua pande zote. Wataalamu walipopiga hesabu kwa ukubwa wa zile kokoto, walipata kijito kilichokwenda karibu mita moja kwa sekunde, kina chake kati ya kifundo cha mguu na kiuno. Yaani maji ambayo wewe ungeyavuka kwa kukunja sketi, viatu mkononi, ukienda shule.

Na kuna jingine ninalolipenda kuliko hata kokoto. Katika shimo hilohilo la Gale, gari lile lilikuta miamba yenye migongo midogo midogo, kama inayobaki kwenye mchanga wa Matema pale wimbi la Ziwa Nyasa linapokwenda na kurudi. Migongo ya Mirihi ina urefu wa milimita sita hivi, na kutoka mmoja hadi mwingine ni sentimita nne au tano. Ukienda Matema, piga magoti uichunguze hiyo ya kwetu. Ile iliyotengenezwa na wimbi ina miteremko miwili inayolingana, maana maji yalikwenda na yakarudi. Iliyotengenezwa na mkondo au upepo ina mgongo uliolala upande mmoja, kama nyasi zilizokanyagwa. Ya Gale inalingana pande zote mbili. Kwa hiyo palikuwa na ziwa, kina chake chini ya mita mbili, tena halikufunikwa na barafu, kwa sababu wimbi halipigi chini ya barafu. Umri wake ni kama miaka bilioni 3.7. Wimbi moja la mchana, mwanangu, na alama yake bado ipo.

*Mwalimu habari. Mimi ni mchimbaji mdogo, Chunya. Naomba nibishe. Mabonde ya huko Mirihi mnasema ni ya maji, lakini hata volkano inachonga bonde. Lava inatiririka kama uji. Mnajuaje sio lava?*

Bisha, ndugu yangu. Barua yako ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu hoja yako imewahi kuwashinda hata wataalamu wenyewe.

Tuanze na mabonde. Picha za kwanza nzuri zilipigwa na chombo cha Mariner 9, mwaka 1971 na 1972, kikiizunguka sayari hiyo. Zilionyesha mabonde yaliyokatika kama matawi ya mti: vijito vidogo vingi juu, vinaungana, vinazaa kimoja kikubwa, nacho kinaungana na kingine. Lava haina tabia hiyo. Lava inatoka tunduni, inashuka, na mara nyingi inagawanyika kadiri inavyokwenda. Anayekusanya kutoka huku na huku ni maji ya mvua au ya theluji iliyoyeyuka, kwa sababu yanaanzia kila mahali kwa pamoja.

Lakini usidhani lava na maji ni lazima uchague kimoja. Nenda Daraja la Mungu pale Kiwira. Jiwe la daraja ni la volkeno, aliyetoboa chini yake ni mto. Mtu akija akakwambia “hapa ni lava” na mwingine “hapa ni maji”, wote wawili wamesema kweli.

Jambo hilo liliwapata Wamarekani waliotuma gari jingine, Perseverance, lililotua tarehe 18 Februari 2021 kwenye shimo la Jezero, upana kilomita 45. Walilichagua kwa sababu ukilitazama kutoka juu unaona mto ulioingia ndani ya shimo ukamwaga udongo wake kwa umbo la kiganja kilichofunguliwa, yaani delta kamili. Hata jina Jezero maana yake ni ziwa, kwa lugha za Waslavi. Wakategemea kwamba sakafu ya shimo itakuwa matope ya ziwa yaliyogeuka jiwe. Walipotoboa walikuta mwamba wa moto, mwamba uliowahi kuwa uji wa volkeno, kama unavyosema wewe! Matope waliyapata, lakini mpaka walipopanda kwenye ile delta. Na ule mwamba wa moto nao ulikuwa na alama za kuguswa na maji baadaye. Kwa hiyo una haki ya kubisha, ila umeshinda sakafu tu, delta imebaki ya maji.

Hoja ya mwisho nakupa wewe kwa sababu kazi yako ni kufuata mshipa. Mnapofuata mshipa wa jiwe jeupe kwenye duara, yaani shimo la machimbo, mnafuata nini? Ufa uliojazwa. Maji ya moto yaliyobeba madini yalipita kwenye ufa, yakayaacha humo kidogo kidogo mpaka ufa ukaziba. Mwaka 2011 gari jingine, Opportunity, lilipita ukingoni mwa shimo liitwalo Endeavour likakuta mshipa mweupe juu ya ardhi, upana wake kama kidole gumba, urefu karibu nusu mita. Walipoupima, ni jasi. Ile ambayo mafundi wa dari wanaiita jipsamu, na ambayo mimi nimeila vumbi lake miaka thelathini ubaoni, maana chaki ndiyo hiyo. Jasi haitoki kwenye uji wa volkeno ikajipanga ndani ya ufa. Inabaki pale maji yenye chumvi yake yanapopita au kukauka. Wewe ukiona mshipa huo utasema nini?

*Kamwene Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, Iringa. Mwaka 2015 uliandika katika safu hii kwamba maji yanatiririka Mirihi hadi leo, kwenye miteremko, wakati wa joto. Nimekata kipande kile ninacho. Mwezi uliopita umeandika kwamba Mirihi ni kukavu. Tushike lipi?*

Kamwene, mzee wangu. Shika hili la sasa, na kile kipande kitunze, kinisute.

Septemba 2015 ilitangazwa kwamba michirizi myeusi inayojitokeza kwenye miteremko mikali ya Mirihi kila msimu wa joto ni dalili ya maji ya chumvi. Nilisoma, nikafurahi, nikaandika siku hiyohiyo. Miaka miwili baadaye, 2017, wengine walipima mwinamo wa miteremko ile wakakuta michirizi inaishia palepale ambapo mchanga mkavu nao ungesimama. Maji yangeendelea kushuka hadi penye tambarare. Kwa hiyo maelezo mepesi zaidi ni mchanga mkavu unaoporomoka, kama unavyoporomoka ukichota kwenye rundo la mchanga wa kujengea. Nilipaswa kuandika masahihisho mwaka ule, sikuandika. Niwie radhi.

Ninyi wa Iringa mna bahati, mna Isimila, lile bonde kavu la nguzo za udongo. Ukisimama kati ya zile nguzo leo, jua linakuchoma na koo limekauka. Lakini kwenye tabaka zake wachimbaji walikuta mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, pamoja na zana za mawe za watu wa kale. Kiboko haishi pakavu. Kiboko akifa, mfupa wake unafunikwa na tope, tope linakuwa tabaka. Hakuna mtu Iringa anayebisha kwamba Isimila palikuwa na maji kwa sababu tu leo hapana. Mirihi hakuna kiboko, lakini tope lipo. Mapema mwaka 2013 Curiosity ilitoboa tundu kwenye mwamba wa tope, upana wake sentimita 1.6 tu, kina chake hakifiki sentimita saba. Unga uliotoka haukuwa mwekundu kama ardhi ya juu, ulikuwa wa kijivu. Ndani yake kulikuwa na udongo wa mfinyanzi mwingi, kama sehemu moja ya tano. Udongo huo hauzaliwi na michirizi ya siku mbili. Mwamba unahitaji kukaa na maji, tena maji yasiyo makali, ili ugeuke hivyo. Walisema maji yale yangenyweka.

*Mwalimu, mimi mama lishe, Makete. Swali fupi. Hayo maji yote yalikwenda wapi?*

Mama, wewe mwenyewe una nusu ya jibu jikoni. Si unajua maharage Makete yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam? Kadiri unavyopanda juu, hewa inavyokulemea kidogo, maji yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Hapa Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95. Sasa panda, panda, panda, mpaka hewa iwe chini ya sehemu moja ya mia. Hapo sufuria ya maji ingechemka na kuganda karibu kwa wakati mmoja, bila kuni. Ndiyo Mirihi ya leo. Maji hayawezi kukaa wazi yakatulia.

Zamani hewa yake ilikuwa nzito. Lakini sayari ile ni ndogo, kipenyo chake kama nusu ya hii yetu, na uzito wa kitu kule ni kama theluthi na kidogo ya uzito wake hapa, kwa hiyo haina nguvu ya kuishikilia hewa yake. Tena ile sumaku ya ndani inayoikinga Dunia na pepo za jua, yaani chembe zinazorushwa na jua, kwao ilizimika mapema. Jua likaanza kuichuna hewa. Chombo cha MAVEN kilifika kule 2014, kikapima kwa miaka mingi hewa inavyotoroka. Na maji yaliyobaki yana dalili ya kuchunwa: hidrojeni, ambayo ni sehemu ya maji, ile nyepesi imetoroka kwa wingi, nzito imebaki, kama pumba na punje kwenye ungo wako.

Hayakwenda yote angani. Mengine yamefungwa ndani ya madini, kama huo udongo wa mfinyanzi. Mengine ni barafu. Barafu ya ncha ya kusini peke yake, ingeyeyuka ikatandazwa sayari nzima, ingetoa maji ya kina cha mita 11. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix, kule kaskazini, kilikwangua ardhi sentimita chache kikafukua vibonge vyeupe. Baada ya siku nne vibonge vimetoweka, havikuacha hata unyevu. Chumvi isingetoweka. Ilikuwa barafu, ikageuka mvuke moja kwa moja.

*Naandika kutoka Vwawa. Je, Kimondo chetu cha Mbozi kilitoka Mirihi?*

Hapana. Kimondo cha Mbozi ni chuma kilichochanganyika na nikeli, cha aina inayotoka kwenye kiini cha sayari ndogo iliyovunjika. Mawe yaliyotoka Mirihi yapo duniani, ila ni ya volkeno na ukiyaona njiani utayapita. Yalitambuliwa kwa hewa iliyonaswa ndani yake, inayofanana na ile iliyopimwa Mirihi na vyombo vya Viking mwaka 1976. Kundi moja lao lilidondoka Misri, mahali paitwapo Nakhla, mwaka 1911, na ndani ya nyufa zake kuna udongo uliotengenezwa na maji ya huko lilikotoka. Wenzetu wa Misri walidondoshewa mto wa Mirihi, sisi tukadondoshewa chuma. Kizuri, lakini chuma.

*Mwalimu, kama maji yalikuwepo, basi na viumbe walikuwepo. Kwa nini wanasayansi wanazungukazunguka? Kyela.*

Wanazunguka kwa sababu waliwahi kuungua, kama mimi na ile michirizi. Julai 2024 Perseverance ilikuta jiwe kwenye bonde la mto wa kale uliokuwa ukiingia Jezero, lina madoa kama ya chui, katikati pameng’aa na ukingo wake mweusi. Uchambuzi uliochapishwa Septemba 2025 umeonyesha kwamba kwenye ukingo huo kuna madini ambayo hapa duniani mara nyingi hupatikana pale vijidudu vinapokula kwenye tope. Mara nyingi, si kila mara. Yanaweza kutokea bila kiumbe chochote. Kipande cha jiwe hilo kimekatwa, kimefungwa ndani ya bomba, na bomba liko kulekule Mirihi linasubiri wa kulichukua. Kyela mnajua kusubiri meli, basi na hawa wanasubiri.

*Mwalimu, nimekutumia jiwe. Nimeliokota Songwe karibu na chemchemi za maji moto. Watu hapa wanachoma chokaa. Naomba uniambie kama na lenyewe ni la maji. Mbalizi.*

Limefika, limefungwa kwenye gazeti na mfuko wa sukari. Nimeliweka mezani wiki nzima. Ni jeupe lenye mistari ya kahawia, limejaa matundu kama mkate wa kumimina, na ukiligeuza upande wa chini lina chapa ya jani: ukiwekea lenzi unaona hadi mishipa yake. Nililidondoshea tone la maji ya limao, likatoa povu. Ni chokaa, ndugu yangu, na ni la maji kabisa. Maji moto yalipanda na chokaa iliyoyeyuka ndani yake, yalipofika juu yakaiacha, kama utando mweupe unaobaki ndani ya birika. Jani liliangukia hapo, likafunikwa, likaoza, chapa ikabaki.

Mjukuu wangu amelipenda, nimemkatalia. Liko kwenye droo ya juu, mkono wa kulia. Ukija mjini pitia ulichukue, na uje na jingine lenye jani kubwa zaidi kama lipo.